Maji Yanayouma

Kornel ni seremala wa Isevya, mjini Tabora. Karakana yake iko mbele, nyumba iko nyuma. Hutengeneza milango na vitanda vya mninga. Mke wake, Mektilda, huuza asali na karanga sokoni. Binti yao Martha na wadogo zake wanasoma shule ya bweni, kwa hiyo siku nyingi nyumba huwa kimya. Kinachosikika ni msumeno na randa tu.

Mwaka jana, baada ya mavuno, mama yake Kornel aliletwa kutoka Puge. Jina lake ni Apolinaria. Alikuwa mwanamke wa jembe. Sauti yake ilisikika kanisani na shambani. Siku moja alikuwa anaanika mpunga, kiharusi kikamwangusha. Upande wake wa kulia ukalegea. Mdomo ukapinda. Kiswahili kikamtoka chote mdomoni, ingawa alikielewa. Yakabaki maneno machache ya Kinyamwezi, kama vile "mwana", na "minzi", yaani maji.

Hospitalini waliwaambia hivi: "Mwogesheni kila asubuhi kwa maji ya uvuguvugu. Akiwa ndani ya joto lile, uchueni mkono wake na mguu wake. Mnyosheni vidole. Msikate tamaa. Mwili hujifunza upya, lakini polepole."

Kornel alimpenda sana mama yake. Akanunua hita ya maji, yaani tangi la umeme la kuchemshia maji. Fundi wa mtaani akalifunga juu, kwenye ukuta wa bafu. Kutoka kwenye tangi, bomba la chuma lilishuka hadi kwenye koki ya kuogea.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri. Mektilda alimkalisha mama mkwe wake kwenye kigoda cha plastiki. Mama Apolinaria alishika bomba kwa mkono wake mzima, wa kushoto, ili asiyumbe. Mektilda alimmwagia maji kwa kopo, akamchua. Mama alifumba macho na kusema, "Minzi." Alisema kwa raha, kama mtu anayeshukuru.

Kisha ukaja msimu wa kipupwe. Asubuhi za Tabora zikawa na baridi kali. Tangi likaanza kuunguruma kama chungu cha maharage. Maji yalichelewa kupata moto. Halafu swichi ya hita, ile iliyo ukutani sebuleni, ikaanza kuanguka yenyewe. Kornel aliipandisha. Ikaanguka tena.

Akamwita yule fundi wa mtaani. Fundi alifungua mfuniko wa tangi, akatazama nyaya.

"Tatizo ni huu waya wa kijani," alisema. "Huu ndio unaoangusha swichi. Wala hauna kazi. Umeme unatumia nyaya mbili tu."

Akaukata. Akapandisha swichi. Haikuanguka tena.

"Umeona?" alisema fundi.

"Nimeona," alijibu Kornel, akafurahi.

Siku chache baadaye, Mama Apolinaria alipofikishwa mlangoni mwa bafu, alisimama. Akashika fremu ya mlango. Akasema neno ambalo hawakuwa wamelisikia kwake tangu augue.

"Nzoka."

Nzoka ni nyoka. Mektilda aliruka nyuma. Akamwita Kornel. Wakatoa ndoo, wakatoa kigoda, wakamulika kwenye tundu la maji machafu. Wakamwaga mafuta ya taa kila pembe. Hawakuona nyoka.

Kesho yake mama akasema tena, "Nzoka." Na kesho kutwa vilevile.

"Mama, hakuna nyoka," Kornel alimwambia kwa upole. "Tumetafuta kila mahali."

Mama alimtazama mwanawe. Akafungua mdomo, akaufunga. Machozi yakamtoka. Kornel aligeuka akaenda karakana, kwa sababu hakuweza kuyatazama.

Tangu hapo kuoga kukawa vita. Mama Apolinaria alikataa. Alijikaza, akapiga kelele. Mektilda alikuwa mvumilivu, lakini naye ni binadamu. Soko lilimsubiri. Watu wa jumuiya walianza kunong'ona kwamba mkwe wake ananuka. Asubuhi moja uvumilivu ulimwishia. Akamvuta mama ndani. Akamkalisha. Akaukamata ule mkono mzima, akaupeleka kwenye bomba kwa nguvu.

"Shika hapa, mama! Utaanguka! Shika!"

Mama Apolinaria alipiga yowe. Mwili wake wote ulitetemeka. Mektilda alidhani ni hasira, au ni ule ugonjwa. Alimwogesha haraka haraka, akamtoa. Siku nzima mama hakula.

Baada ya hapo Mektilda aliacha kumlazimisha. Alimfuta kwa kitambaa kitandani tu. Mazoezi yakasimama. Vidole vya mkono wa kulia vilivyokuwa vimeanza kukunjuka vikajikunja tena.

Kornel akampigia simu kaka yake, Adriano, aliyebaki Puge.

"Mama anaona nyoka bafuni," alisema. "Kila siku."

"Hiyo nyumba yenu ina jambo," alisema Adriano. "Mama hakuwa hivyo hapa. Nakuja Jumamosi kumchukua. Huku kuna mzee anayejua dawa za mambo hayo."

Mektilda alikuwa karibu, alisikia kila neno. Moyoni alijua watakachosema watu: mama alikwenda kwa mkaza mwana, akarudishwa amechanganyikiwa.

Jumamosi ilipofika, Kornel aliondoka mapema kwenda Kwihara kufunga mlango wa mteja. Basi la Adriano lingefika mchana. Mektilda aliwaza, "Asimkute mama mchafu. Angalau leo aoge."

Akamwendea mama chumbani. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, leo sitakushika kwa nguvu. Utakaa mlangoni, mbali na koki. Mimi nitateka maji nikuletee. Sawa, mama?"

Mama Apolinaria alimtazama muda mrefu. Kisha akanyosha mkono achukue fimbo yake ya mninga, aliyochongewa na Kornel. Wakaenda taratibu. Mektilda akamkalisha kwenye kigoda, karibu na kizingiti, penye pakavu.

Siku zote Mektilda aliingia bafuni na ndala. Siku ile kamba ya ndala moja ilikatika. Akazivua zote mbili, akaziweka nje. Akaingia miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji iliyolowa. Akaishika koki ili aifungue.

Mkono wake ulifunga kama mtego. Alitaka kuuachia, haukuachia. Alitaka kuita, sauti haikutoka. Kifua kilibana. Alisikia kitu kikimpita mwilini, kikitikisa mifupa. Mbele ya macho yake ukuta ulikuwa unatetemeka.

Mama Apolinaria aliona. Hakumshika. Aliinua fimbo kwa mkono wake wa kushoto, akapiga. Alikosa, ndoo ikaanguka. Akapiga tena, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Fimbo ikampata Mektilda kwenye kifundo cha mkono. Mkono ukachomoka. Mektilda akaanguka chini kama gunia.

"Nzoka!" mama alipaza sauti. "Nzoka! Nzoka!"

Ilikuwa ile sauti ya zamani, sauti ya Puge. Ilivuka ua.

Upande wa pili wa ua anaishi Zuwena. Zuwena ni fundi umeme. Alisoma chuo cha ufundi, ana leseni, na hufunga umeme kwenye nyumba na mashine za kukoboa mpunga hadi Igunga. Alikuwa anafunga mkoba wake wa vifaa aende kazini. Akakimbia. Alipofika mlango wa bafu, alimwona Mektilda chini, maji yametapakaa. Hakuingia. Hakumgusa.

Alikimbilia sebuleni, akashusha swichi kubwa ya nyumba nzima. Ndipo akaingia.

"Mama Martha! Mama Martha, unanisikia?"

Mektilda alikuwa anapumua. Alifumbua macho. Kwenye kiganja chake kulikuwa na alama nyeupe iliyoungua, na ukingo wake mweusi.

"Nimepigwa," alisema kwa sauti ndogo. "Zuwena, koki imenipiga."

"Nimeona. Usisimame bado." Zuwena akageuka kwa mama. "Bibi, shikamoo. Bibi anasema nini?"

"Anasema nyoka," alijibu Mektilda. "Amesema wiki nyingi. Tumetafuta, hakuna."

Zuwena alichuchumaa mbele ya Mama Apolinaria. Akaonyesha koki kwa kidole, bila kuigusa.

"Bibi, huyo nyoka yuko hapa? Anauma?"

Mama Apolinaria alitikisa kichwa kukubali. Akainua mkono wake wa kushoto, akaufungua. Kwenye kiganja kulikuwa na makovu madogo mawili matatu, kama ya kuungua.

Mektilda aliona yale makovu. Akakumbuka siku aliyoukamata mkono ule na kuupeleka kwenye bomba. Akalala palepale kwenye maji, akalia. Zuwena alimwacha alie kidogo. Kisha akamfunika kanga.

"Sasa twende hospitali," alisema.

"Najisikia vizuri. Shemeji yangu anakuja."

"Hapana, mama. Umeme ukipita mwilini unaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hata baada ya saa kadhaa. Mtu anaweza kuonekana mzima, kumbe sivyo. Lazima wakupime."

Jirani mmoja akaja kukaa na Mama Apolinaria. Zuwena akampeleka Mektilda hospitali kwa bajaji. Walimpima moyo, wakamfunga kiganja, wakamweka hadi alasiri. Wakamruhusu.

Aliporudi nyumbani pamoja na Zuwena, alimkuta Kornel na Adriano wameketi uani. Zuwena alikuwa amewapigia simu. Swichi kubwa ilikuwa bado chini, kama alivyoagiza. Kornel alikuwa ameshika nyundo.

"Nakwenda kulivunja tangi lile," alisema.

"Weka nyundo, shemeji," alisema Zuwena. "Ukilivunja hutajua kilichotokea. Na usipojua, kitatokea tena kwingine. Acheni umeme chini usiku huu. Chemsheni maji kwa mkaa. Kesho nitakuja tulitazame pamoja."

Adriano alisogeza kiti karibu. Ni mtu mzima, mpole, lakini haamini upesi.

"Mwanangu," alimwambia Zuwena, "nieleze jambo moja. Kama ni umeme, kwa nini ulimuuma mama peke yake? Kornel anaoga mle. Mkewe anaingia mle kila siku."

"Swali zuri, baba. Shemeji Kornel, wewe unaoga umevaa nini miguuni?"

"Ndala."

"Na Mama Martha?"

"Ndala," alijibu Mektilda. "Leo tu zilikatika."

"Na bibi?"

Wote waliijua miguu ya Mama Apolinaria. Ule wa kulia ulikuwa umevimba, haukuingia kwenye ndala yoyote, kwa hiyo alitembea peku.

"Umeme hutafuta njia ya kwenda ardhini," alisema Zuwena. "Raba ya ndala huuzuia. Haiuzuii kabisa, lakini husaidia. Bibi alikuwa peku, kwenye saruji iliyolowa, ameshika chuma. Yeye ndiye aliyekuwa njia. Na hakuwa na neno la kuwaambia. Kwa hiyo alitumia alilokuwa nalo. Kitu kinachouma, hakionekani, kiko bafuni. Wewe ungekiitaje?"

Adriano aliinamisha kichwa.

Asubuhi ya Jumapili, baada ya misa, Zuwena alikuja na mkoba wake. Kwanza alihakikisha swichi kubwa iko chini. Akabandika utepe juu yake ili mtu asiipandishe kwa kusahau. Kisha akapima nyaya za hita kwa mita, kifaa cha kupimia umeme.

"Kuzima peke yake hakutoshi," alisema. "Lazima upime. Mikono yako usiipe kazi ya kupima."

Akafunga valvu ya maji yanayoingia. Akafungua koki ili tangi lipumue, akaunganisha mpira na kumwaga maji yote nje. Yalitoka ya kahawia, yenye vipande vyeupe kama maganda ya mayai.

"Hii ni chokaa ya maji ya kisima," alisema. "Ndiyo iliyokuwa inaunguruma."

Akafungua mfuniko wa chini. Palionekana nyaya, na kisha ule waya wa kijani, umekatwa, umekunjwa pembeni.

"Nani aliukata huu?"

"Fundi wa mtaani," alijibu Kornel. "Alisema ndio unaoangusha swichi. Na kweli, ulipokatwa, swichi ilitulia."

"Alisema nusu ya ukweli," alisema Zuwena. "Huu ni waya wa ethi. Kazi yake ni kuchukua umeme uliovuja na kuupeleka ardhini, ili usipite kwenye mwili wa mtu. Umeme wa hita ulikuwa umeanza kuvuja. Ethi ikaubeba. Swichi ikahisi mzigo, ikajiangusha. Vyote viwili vilikuwa vinawalinda. Ulipokatwa waya, umeme ulibaki kwenye tangi, kwenye bomba na kwenye maji, ukimngoja mtu."

Kornel aliketi kwenye kizingiti. "Kwa hiyo swichi ilikuwa inatuambia."

"Ilikuwa inawaambia. Swichi ikianguka mara moja, ipandishe. Ikianguka tena, iache chini, mwite fundi umeme mwenye leseni. Usiifunge kwa waya, usiweke kubwa zaidi, usikate kitu."

Akalegeza boliti, akavuta kutoka ndani ya tangi chuma kilichopinda kama pini ya nywele. Kilikuwa kimevaa chokaa nene. Akakigonga taratibu, chokaa ikadondoka. Chini yake palikuwa na ufa mweusi.

"Hii ndiyo elementi. Ndiyo inayopasha maji moto. Ndani yake mna waya wenye umeme. Chokaa iliifunika, ikapata joto kupita kiasi, ikapasuka. Maji yakaufikia umeme. Nyoka wenu alitokea hapa."

Adriano aliomba aishike. Akaugusa ule ufa kwa kidole gumba. Ulikuwa mdogo kuliko ukucha.

"Huu tu," alisema.

Zuwena aliendelea kufanya kazi. Alikwangua chokaa tangini, akalisuuza. Akafunga elementi mpya na raba mpya ya kuzuia maji yasivuje. Akapima kidhibiti joto, kile kinachozima hita maji yakifikia moto unaotakiwa. Kilikuwa kizima. Kisha akagusa valvu ndogo iliyo chini ya tangi. Katika tundu lake palikuwa na kijiti.

"Na hiki?"

Kornel alisafisha koo. "Nilikichomeka mimi. Palikuwa panadondoka maji."

"Shemeji, hii ni valvu ya usalama. Maji yakipata moto hutanuka. Yakizidi, hutokea hapa. Ukipaziba, na kidhibiti joto kikaharibika siku hiyo, tangi linaweza kupasuka kama bomu. Kudondoka kidogo wakati maji yanapata moto si ubovu. Pakivuja muda wote, valvu ibadilishwe. Isizibwe kamwe."

Kornel alikitoa kile kijiti kwa mkono wake mwenyewe.

Nje, Zuwena aliitazama nondo ya ethi, ile inayoupeleka umeme ardhini. Ilikuwa fupi, imelegea kwenye udongo mkavu. Kornel na kaka yake wakachimba, wakagongomea nondo ndefu ya shaba. Ule waya wa kijani ukarudishwa mahali pake. Sebuleni Zuwena akafunga kifaa kipya kinachokata umeme mara tu unapovuja.

Kabla ya kuwasha, alifungua maji kwanza. Akangoja mpaka yatoke kwenye koki bila kukohoa.

"Tangi lijae ndipo muwashe," alisema. "Elementi ikiwashwa bila maji, inaungua hapohapo."

Akawasha. Akapima tangi, bomba, koki na maji yenyewe. Mita haikuonyesha kitu. Akabonyeza kitufe cha kujaribia kile kifaa kipya. Kikakata palepale. Akakipandisha tena.

"Bonyezeni hiki kila mwezi. Na kila mwaka niiteni nisafishe chokaa. Hata hivyo, mtu akiwa anaoga, zimeni hita. Ikitokea mtu amenaswa, msimshike. Zimeni swichi kubwa. Kama swichi iko mbali, mwondoeni kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme, kama mti mkavu." Akafunga mkoba wake. "Lakini hilo bibi alilijua kabla yangu."

Jioni ile Mektilda alikwenda chumbani kwa mama mkwe wake. Alifunga mlango. Alikaa chini sakafuni.

"Mama," alisema, "ulisema. Ulisema kwa neno ulilokuwa nalo. Mimi nikakushika mkono kwa nguvu. Nikakupeleka kwenye kitu kilichokuwa kinakuuma. Na wewe ukaniokoa kwa mkono uleule. Nisamehe, mama."

Mama Apolinaria alinyosha mkono wa kushoto. Alimgusa kichwani. Akaacha mkono wake hapo, mpaka Mektilda akaacha kulia.

Adriano alipanda basi la kurudi Puge siku ya pili, peke yake. Kabla ya kuondoka alimwambia Kornel, "Mama atabaki. Mimi nikifika nitatazama pampu yangu ya kisima. Huwa inatetemesha kidogo ukiigusa. Tulikuwa tunacheka."

"Usiiguse," alisema Kornel. "Izime. Tafuta fundi."

Mama Apolinaria hakurudi bafuni mara moja. Hofu haitengenezwi kwa bisibisi. Kila asubuhi Mektilda alizima hita, akaingia yeye kwanza, akashika koki huku mama akimtazama kutoka mlangoni. Akafungua, akafunga. Hakumwita. Hakumvuta. Kisha alimletea maji chumbani kwa beseni.

Asubuhi moja ya baridi, Mektilda alipogeuka, aliona mama amevuka kizingiti. Amesimama, ameegemea fimbo. Mektilda akakiweka kigoda. Mama akakaa. Alilitazama bomba. Akanyosha kidole kimoja cha mkono wa kushoto, akaligusa, akakiondoa. Akaligusa tena. Ndipo akalishika.

Mektilda alimmwagia maji mgongoni kwa kopo, polepole. Akauchukua mkono wa kulia, akauweka ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, akaanza kuvichua vidole kimoja kimoja. Kidole cha shahada kikakunjuka kidogo.

Kornel alisimama nje ya mlango na randa mkononi, hakuwa na haraka ya kwenda popote. Mama alikaa mle mpaka maji yakapoa, na hakuna aliyemwambia atoke.